Makamu wa Rais na Foleni ya Vitambulisho

Jumatatu, katika ofisi ya vitambulisho mjini Malindi, runinga ilikuwa ikisimulia maisha ya makamu wa rais wa Marekani: mtoto wa maskini, akasoma sheria, akawa seneta, akapanda hadi hapo.

“Mwaona?” karani akatuambia sisi tuliopanga foleni. “Ni bidii tu.”

Mama mmoja wa Ganze, aliyemleta bintiye kwa mara ya nne, akauliza kwa upole, “Naye aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, mwanangu?”

Karani akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole. “Bila cheti cha babu, hakuna kitambulisho.”

Chuo kilichomwita binti kilikuwa kikifunga usajili siku hiyo, na bila kitambulisho hakingempokea. Wakatoka, binti akilia. Sisi tuliobaki tukasogea mbele hatua moja, nami nikiwemo.