Spika za Mjomba kwenye Lori la Pamba

Mjomba wangu aliuza maksai wake, akaenda Mwanza, akarudi na amplifaya na spika mbili. Spika zenyewe, bila kuongeza chumvi, zilikuwa kubwa kuliko chumba changu cha kwanza cha kupanga Bariadi. Kila moja ilibebwa na wanaume wanne, na wa tano wa kulaumiwa.

Biashara ilikuwa imeachiwa huria. Mwenye mizani alikuwa mnunuzi wa pamba, mwenye spika alikuwa disko. Mjomba alikuwa amepata harusi yake ya kwanza ya kupiga muziki, kule Mwanhuzi. Ikienda vizuri, msimu mzima wa mavuno ni wake. Ikiharibika, anarudi kulima kwa jembe la mkono, maana maksai walishageuka spika.

Usafiri ulikuwa lori la mnunuzi binafsi aliyekuja kupakia pamba kwetu Sapiwi. Njia ya kupitia Lalago ilikuwa na mashimo ambayo kiboko angehamia na familia yake.

"Ondoa shaka," mnunuzi alisema. "Tunazilaza katikati ya magunia ya pamba. Hata yai linafika."

Kijiji kizima kikaja kusaidia kupakia. Hapo ndipo mambo yakaanza kuwa ya ajabu.

"Bhabha, hapo usiweke," jirani mmoja alimwambia mjomba.

"Kwa nini?"

"Hapo... jua kali."

"Juu kuna turubai."

"Basi upepo."

Mwingine alilivuta gunia lake mbali na spika, akasema linapenda kukaa peke yake. Ukweli tuliujua wote isipokuwa, kwa mawazo yetu, mnunuzi: kabla ya kupima, kila mkulima aliinywesha pamba yake maji na kuilisha mchanga kidogo, ipate uzito wa heshima. Na moyo wa spika ni karatasi. Ikinywa maji inakuwa uji. Lakini nani angenyoosha kidole mbele ya mwenye pesa?

Mjomba aligusa gunia lililobanwa na spika yake. Akafuta mkono kwenye suruali. Lilikuwa gunia lake mwenyewe.

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, "si useme."

"Niseme nini?"

"Ulichokimwagilia jana."

Mjomba alisimama pale juu ya lori akipiga mahesabu ya jembe la mkono. Mwisho akakohoa.

"Bosi, nishushie spika zangu. Hii pamba ina maji."

"Ya nani?"

Umati ukatazama mbinguni, kana kwamba mvua ndiyo mshtakiwa.

"Yangu. Hawa wengine siwataji, ila spika yangu haikai karibu na yeyote."

Mnunuzi alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, mimi nimeshanunua maji Simiyu nzima. Unafikiri mizani yangu inasoma kidogo vile kwa bahati mbaya?"

Mungu wangu, hasira. Watu waliokuwa wamemwaga visima vizima kwenye magunia walidai haki kwa uchungu wa mitume. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nipige hesabu ya nani kamwibia nani. Nikachora chini kwa kijiti, nikatoa maji kwenye mizani, nikajumlisha mchanga. Nikawaambia mko ngoma droo. Wakaridhika, wakarudi kutafuta pamba kavu ya kuzikinga spika.

Haikuwepo. Sapiwi nzima, pamba kavu ilikuwa moja tu, ndani ya godoro la mjomba.

"Godoro langu?" mkewe aliuliza. "Na mimi nilale wapi?"

"Twende wote. Utalilalia njiani."

"Nitalikalia. Kulala na spika ni wewe."

Tukazigeuza spika zitazamane, godoro likakaa katikati, kamba za katani zikabana. Mama huyo akapanda juu ya mzigo, akawa analigombeza lori kwa kila shimo hadi Mwanhuzi.

Kule mjomba alipapasa vitambaa vya mbele vya spika kwa kiganja. Vikavu. Jenereta ikanguruma, spika zikakohoa, halafu gitaa likatoka kwa nguvu hadi ng'ombe wa baba wa bwana harusi wakavunja zizi, wakaelekea Lalago.

Mzee huyo aliwatazama wakiishia vumbini, akarudi kwa mjomba.

"Mwezi ujao naoza binti," alisema. "Uje. Ila safari hii nipe taarifa mapema, nihamishe ng'ombe."