Kizimba cha Mheshimiwa

Mteja wa mama aliomba mkanda.

Alikuwa amevaa gauni jipya, yuko mbele ya kioo anajigeuza kushoto na kulia, akaona kiunoni limepwaya kidogo. Akasema ngoja ajaribu na mkanda. Akanyoosha mkono kwenye kiti bila kuangalia, akavuta mmoja wa kahawia, una madoadoa, mzuri kweli.

Akaupitisha kiunoni.

Mkanda ukajikaza wenyewe.

Wadau, mimi sikuwepo, nilisimuliwa tu. Lakini naambiwa nyumba ya tatu walisikia yowe, na fundi baiskeli wa pale kona aliachia gurudumu likaenda zake. Mteja alitoka mbio na gauni lina pini kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyomchoma. Hofu ni dawa ya ganzi.

Mkanda wenyewe alikuwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni chatu wangu. Hana sumu, urefu wake haujazidi mikono miwili ya mtu mzima. Jina nilimpa kwa sababu anakula mara moja kwa wiki mbili, akishashiba haonekani, kazi anayofanya haijulikani, na bado watu wanampisha njia.

Msiniulize nilimpata wapi.

Haya, ulizeni. Nilikaa chuo kikuu miaka miwili na nusu nikisomea uhandisi. Mimi na hesabu tukashindwana, tukaachana bila kugombania watoto. Wakati nafungasha, jamaa wa chumba cha pili bwenini alikuwa anasafiri, hana pa kumwacha nyoka wake. Wenzangu watatoka chuoni na vyeti. Mimi nilitoka na chatu.

Sasa hilo la mkanda, nyumbani hakuna aliyejisumbua kuchunguza. Mshukiwa alikuwa mmoja. Mimi ndiye niliyewahi kugundisha sarafu sakafuni pale mlangoni, watu wazima wakainama wiki nzima. Mimi ndiye niliyetia rangi kwenye dawa ya meno, baba akaenda msibani na meno ya bluu, akatoa rambirambi na meno ya bluu.

Nikaapa sikumtoa nyoka. Nikaapa nilifunga mlango wa kizimba vizuri kabla ya kwenda kazini.

Mama alikuwa na tepu yake shingoni na mkasi mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndicho kitu kilichonitisha.

"Mwanangu," akasema, "nyumba hii inakula kutokana na ile cherehani. Leo mteja amekimbia. Kesho watakuwa wawili, keshokutwa nitashona mapazia yangu mwenyewe. Nakupa mpaka Jumamosi. Jumamosi nitakaa na kiti changu mbele ya hicho kizimba, nione kama kinafunga. Kisipofunga, anakwenda kwa mwalimu."

Mwalimu ni yule wa baiolojia, shule ya hapo jirani. Mtu mwema, anapenda sana wanyama. Shida yake moja tu, wanyama wake wote wanakaa kwenye chupa, ndani ya dawa, macho wazi.

Baba alikuwepo hukumu ikisomwa. Hakunitetea wala hakunikandamiza. Alimgeukia mama akasema, "Mwambie mwanao komeo si pambo."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Hapa inabidi niwaeleze. Baba ni fundi seremala mstaafu. Mashine yake ya kuranda aliiuza ili mimi niende chuo. Siku niliporudi bila cheti, na beseni lenye nyoka, alimtazama nyoka, akanitazama mimi, akaingia ndani kulala saa nane mchana. Tangu siku hiyo, miezi minane, hajanisemesha. Akitaka chumvi, "Mwambie mwanao chumvi iko upande wake." Nikiumwa, "Muulize mwanao kama amekunywa dawa." Mama amekuwa posta.

Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nilikuwa nakosa pa kuanzia.

Turudi kwenye ujenzi.

Vizimba vya nyoka vya dukani bei yake ni ya kuombewa. Kwa hiyo cha kwanza kilikuwa beseni la plastiki lenye mfuniko, nimelitoboa matundu kwa msumari wa moto. Mheshimiwa aliusukuma mfuniko kwa pua siku ya pili. Nyoka hana mikono, lakini pua yake ni mtaimbo.

Cha pili ndicho hiki chenye kesi. Kwa muuza chakavu nilipata kabati la televisheni, zile za zamani zenye mgongo. Kioo nilikitoa kwenye dirisha bovu. Bawaba nilizing'oa kwenye kabati la jikoni ambalo mama alidhani ananiazima kwa siku moja. Ndani balbu, nimeivika kopo lenye matundu asije akaikumbatia akaungua, upande mmoja joto, upande mwingine baridi, bakuli la maji, na chungu kilichovunjika cha kujifichia. Kazi safi.

Isipokuwa mlango.

Mlango ulipinda. Mbao nilikata kwa msumeno butu, na pembe zangu zilikuwa pembe za kisiasa, kila moja na msimamo wake. Kuufunga ilibidi uinue kidogo, usukume kwa goti, uvute komeo, halafu utukane kimoyomoyo. Ukisikia "tak", umefunga. Mimi nilishauzoea, nilikuwa naufunga hata huku napiga mswaki.

Lakini wiki tatu mfululizo nikirudi kutoka kazini nakuta Mheshimiwa yuko nje. Mara nyuma ya friji. Mara kwenye kikapu cha vitambaa. Halafu ndio huo mkanda. Kila mara mchana, mimi nikiwa dukani natoa fotokopi za tasnifu za wale wale wenzangu.

Nikaanza kuamini kwamba uhandisi ulionishinda mimi, nyoka ameuelewa.

Jumatano nikategesha simu. Nikaisimamisha juu ya rafu kati ya vitabu, nikaichomeka kwenye chaji, nikabonyeza kurekodi, nikaenda kazini mikono mitupu. Jioni, jua bado lipo, nikajifungia chumbani nikaanza kusogeza video mbele.

Saa moja ya kwanza, nyoka kalala. Saa ya pili, nyoka kalala. Kwa kweli cheo kinamfaa.

Halafu mlango wa chumba ukafunguka, akaingia baba.

Na penseli sikioni.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya kizimba, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetambua maiti. Akapitisha kidole kwenye pembe ya kwanza. Akatikisa kichwa. Pembe ya pili, akafumba macho. Kisha akafungua mlango, akamchukua Mheshimiwa taratibu, akamvika shingoni kama skafu, akatoa tepu mfukoni akaanza kupima.

"Samahani sana, mzee mwenzangu," akamwambia nyoka. "Hii si nyumba. Hii ni ajali."

Nikacheka mpaka nikauma shuka.

Akaendelea kupima, akaandika kwenye kiganja. "Nilimfundisha kukata kiungo cha mbao ana miaka tisa. Alikuwa na mkono. Akasema anataka vitabu, nikasema sawa, nenda kwenye vitabu. Sasa hana kitabu, hana randa. Ana wewe."

Kicheko kikakatika.

"Wanadhani nimekasirika," baba akasema. "Mwezi wa kwanza nilikasirika, kweli. Wa pili nikachoka. Sasa miezi yote hii natafuta pa kuanzia tu. Na wewe wala husaidii."

Mheshimiwa akatoa ulimi, akaurudisha.

Baba akamrudisha ndani. Halafu, wadau, akaufunga mlango. Aliufunga kama fundi. Kwa vidole viwili, polepole, akasukuma komeo bila kutumia nguvu, kama milango yote aliyoitengeneza maisha yake yote, ambayo ukiisukuma inaitika. Hakuinua. Hakupiga goti. Haikumjia akilini kwamba kuna mlango duniani unaohitaji goti.

Akatoka.

Dakika mbili baadaye mlango ukajiachia wenyewe, upana wa kidole. Pua ikachungulia.

Kumbe ni yeye. Mshindo wote ule, mteja, pini kumi na mbili, chupa ya mwalimu, chanzo ni ufundi mzuri wa baba yangu.

Niwe mkweli. Wazo la kwanza halikuwa la kiungwana. Nina ukurasa wangu wa vichekesho, mnaujua. Mzee na skafu ya chatu, anaungama? Ungejaa watu mpaka uvuje. Pia ningeipeleka kwa mama, kesi ingekwisha palepale, mimi huru, nyoka huru.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikairudia video tena, ile sehemu ya "alikuwa na mkono".

Nikazima simu.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini. Nikambeba Mheshimiwa kwenye beseni, nikaweka jiwe juu ya mfuniko, nikalitoa kabati uani, mita tatu kutoka kiti cha baba. Nikang'oa mlango. Nikachukua mbao mpya, nikaanza kuikata.

Vibaya.

Makusudi mazima. Msumeno nimeushika kama kijiko cha uji. Baba akajikohoza. Nikachora mstari bila rula. Akahamisha kiti, akakirudisha. Nikashika patasi, nikageuza ile sehemu ya makali ikatazama juu, nikainua nyundo.

"Mama watoto," akaita kwa sauti nyembamba, "mwambie mwanao patasi ameigeuza."

Mama alikuwa dirishani anatia uzi. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama mita tatu zilizo katikati yetu.

"Posta imefungwa," akasema. Akavuta dirisha, na cherehani ikaanza kunguruma huko ndani kuliko siku zote.

Tukabaki wawili. Nikapiga nyundo. Mbao ikalia, ikapasuka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikachukua ya pili. Baba alishika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Nikainua nyundo tena.

"Lete hapa."

Sikugeuka. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Wewe. Nakuambia wewe. Lete hiyo patasi kabla hujaua msitu mzima."

Nikampelekea. Akaangalia makali yake, akasonya, akaanza kuyanoa kwenye jiwe. Kisha akaniambia nilete ule mlango wa zamani auone ulikosea wapi. Tukaushikiza kwenye bawaba. Akaufunga kwa vidole viwili. Ukajiachia.

"Mbona haushiki?"

Nikamwonyesha. Inua, goti, komeo. Lile tusi nikalibakiza moyoni, ni mzazi. Tak.

Nilimwona akihesabu siku kichwani.

"Na mtu asiyejua hilo goti?"

"Unajifungua wenyewe, baba. Baada ya dakika mbili."

"Dakika mbili umejuaje?"

Nikaangalia chini, kwenye makapi ya mbao. Yeye akaangalia mfuko wangu wa suruali, simu ilipo.

"Hiyo simu yako inachukua picha vizuri?"

"Kawaida tu."

"Na sauti?"

"Na sauti."

Cherehani ilikuwa inanguruma. Baba akachukua penseli sikioni, akachora mstari kwenye mbao mpya, umenyooka hivyo hivyo kwa jicho, akanisogezea upande mmoja.

"Shika hapa," akasema. "Usitikise."

Tulifanya kazi siku mbili. Aliniita mjinga mara kumi na tisa, nilizihesabu, na kila moja ilikuwa imeelekezwa kwangu moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Mlango mpya ulikuwa unafunga kwa pumzi. Komeo akaliweka nje na kipini cha chuma, ukitaka kukichomoa lazima uwe na vidole na nia.

Jumamosi mama akaleta kiti chake na mkasi. Mheshimiwa akasukuma kwa pua asubuhi nzima. Juu, chini, pembe zote nne. Mwisho akaingia kwenye chungu chake akalala.

"Sawa," mama akasema. "Abaki. Lakini aliyemtoa siku ile atakwenda kwa yule mteja, na ataomba radhi kwa magoti."

Akanitazama mimi. Nikasema nitakwenda.

"Haendi," baba akasema. Akajikohoza. "Ni mimi niliyekuwa namtoa."

Mama akageuka na kiti chake.

"Wewe? Kumtoa ufanye naye nini?"

Baba akaangalia dari, jibu likamtoka dogo tu. "Kuzungumza."

Mama akainamisha uso. Nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko, na alipoona hakizuiliki akakigeuza hasira, akanielekea mimi.

"Mwambie baba yako," akasema, "awe amerudi kutoka kwa mteja kabla sijapakua, la sivyo atakula na huyo aliyekuwa anazungumza naye."

Baba akavaa kofia. Pale mlangoni akasimama, akaniuliza kama nakuja. Tukaenda wote. Mteja alitusikiliza kupitia dirishani, mlango hakufungua, na sisi mikanda yetu tulikuwa tumeivua kabisa tukaiacha nyumbani, ili kumtoa wasiwasi.

Ile video bado ninayo. Msiniombe.

Wengi mmekuwa mkiniandikia mnataka kujua kizimba cha nyoka cha bei nafuu kinajengwaje. Tafuta kabati kuukuu, kioo cha dirisha, balbu, na kopo. Kisha tafuta yule mtu mnayepishana ndani ya nyumba kama wapangaji, ukae mbele yake uharibu mbao. Kama bado ana habari na wewe, hatavumilia.