Mahali Niliposimama Kupiga Picha

Yule mgeni aliponiuliza nilisimama wapi kupiga ile picha, ningeweza kumwambia nimesahau. Mzee wa umri wangu akisema amesahau, hakuna anayemshuku. Badala yake nilimaliza chai kwa mkupuo mmoja, nikachukua kofia, nikamwambia, "Twende nikuonyeshe."

Nilikuwa karani wa stoo kwa miaka mingi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi mjini, na nilipostaafu nikarudi nyumbani upande wa Kathonzweni nikiwa na afya nzuri na bila shughuli. Watoto wangu waliponiona nimeanza kukaa kando ya barabara nikitazama magari yanayopita, waliogopa, wakaninunulia kamera. Wazee wenzangu hununuliwa mbuzi.

Nilianza na vitu vya karibu. Shamba la ndengu likiwa limekauka tayari kuvunwa. Makinga maji yanayozunguka kilima kama mistari ya daftari. Milima ya mbali inavyokuwa ya buluu asubuhi, kabla jua halijaipa rangi yake ya kawaida ya vumbi. Dada yangu mkubwa, ambaye boma lake limepakana na langu, aliniangalia kwa wiki kadhaa bila kusema kitu, jambo ambalo si desturi yake. Hatimaye aliniita kutoka upande wake wa ua.

"Mwana wa mama, huo mlima ulikuwepo jana."

"Najua."

"Na juzi."

"Najua, dada. Ni mwanga ndio unabadilika."

"Ah. Nilidhani umesikia unahama."

Baadaye niliona nyumbani hapanitoshi, nikavuka kwenda Kitui, hadi Ikutha, ambako nilikuwa na jamaa wa kunilaza. Huko kuna udongo mwekundu ambao jua la jioni huuwasha kama makaa. Nilisimama kando ya njia nikakipiga picha kilima kimoja, huku na huku, karibu nusu saa. Nilipogeuka nilikuta akina mama sita wamejipanga mstari nyuma yangu, kila mmoja ameshika kitambulisho mkononi.

"Sisi tuko tayari, mkubwa," akasema wa mbele. "Chakula inakuja lini?"

"Hakuna chakula, mama. Mimi napiga picha ya kilima."

"Ya kilima?"

"Ya kilima tu."

Akawageukia wenzake. "Rudini nyumbani. Mwaka huu ni kilima imeandikishwa."

Walicheka hadi wengine wakashika magoti. Hawakuwa wajinga. Kwao mtu mwenye kamera amekuja siku zote kuandikisha wenye njaa, na walioachwa nje ya picha waliachwa nje ya mahindi. Mwanamume mmoja mwenye mbuzi yeye aliamini mimi ni wa kupima ardhi, akanifuata kwa mbali hadi nikaondoka. Nilirudi nyumbani nikiwahurumia. Nilijiambia watu wetu bado hawajajua kutazama picha kama picha.

Sasa nifike mtoni. Chini ya maboma yetu kuna mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Miaka ile nikiwa mjini nahesabu magunia ya watu wengine, majirani walijenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto huo. Waliufanya kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Dada yangu ndiye aliyekuwa akiwaongoza, kwa nyimbo na, nimeambiwa, kwa matusi. Mvua ilileta mchanga nyuma ya ukuta, msimu baada ya msimu, na mchanga ukaficha maji ndani yake mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Ukichimba kidogo kwa kata unapata maji safi hata kiangazi kikiwa kimekaza. Shimo hilo sisi huliita kithima. La dada lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba ili punda na ng'ombe wasilikanyage.

Sikubeba hata jiwe moja la ukuta ule. Lakini nilikuwa na maoni kuhusu miiba.

"Unafanya nini na miiba yangu?" dada aliniuliza asubuhi ile.

"Inaharibu picha."

"Na punda wakiingia, wataharibu nini?"

"Dakika mbili tu."

Dakika mbili zikawa saa nzima, kwa sababu nilikuwa nangoja wingu lipite. Dada aliukalia mtungi wake wa plastiki, nje ya picha kama nilivyomwagiza, akawa anawatupia punda mawe ili mdogo wake afanye sanaa. Kisha akarudisha miiba mwenyewe. Mimi nilikuwa tayari nimeshapanda kwenda nyumbani kuitazama picha.

Ilitoka vizuri. Sijawahi kupiga nzuri zaidi. Mchanga mweupe ukijipinda katikati ya kingo nyekundu, bila mwiba, bila punda, bila dada. Niliikuza, nikaiwekea fremu, na mwenye hoteli moja sokoni akakubali niitundike ukutani. Wateja waliitazama wakingoja chapati. Mmoja aliniuliza fremu nilinunua wapi.

Kisha akaja yule mgeni. Alikuwa mtu wa adabu, viatu safi, anazungumza polepole. Alisimama mbele ya picha hadi uji wake ukashika utando.

"Ni nani alipiga hii?"

"Ni mimi."

"Wewe mzee? Kazi safi sana. Huu mchanga ni mweupe hivi kweli, ama ni kamera?"

"Ni mweupe hivyo hivyo."

"Na unaenda chini sana?"

"Karibu na ukuta unazidi kimo cha mtu," nilijibu, nikijivunia kina cha mchanga ambao sikuuleta.

"Na gari kubwa inaweza fika?"

Hapo nilikuwa tayari naona basi la wageni wenye kamera, mimi nimesimama mbele nikiwaelekeza. Nikamwambia gari kubwa linafika. Ndipo akauliza nilisimama wapi, nami nikachukua kofia.

Mtoni alitoa chuma kirefu kwenye gari, akakichomeka mchangani, akakisukuma hadi kikazama. Alifanya hivyo mara tano au sita, hapa na pale. Ningependa kuandika kwamba nilidhani anatafuta mahali pa kusimamisha kamera. Kwa dakika moja nilidhani hivyo kweli. Baada ya hapo nilijua. Nimezaliwa Ukambani, nimeona mito mingine iliyobaki mifupa baada ya malori ya wauza mchanga. Ningeweza kumwambia mchanga huu ni wa kikundi na hauuzwi. Lakini alifuta chuma chake, akaniambia, "Mzee, wewe una jicho." Kwa miaka kadhaa madaktari walikuwa wameniambia kinyume. Sikutaka kuiharibu siku. Nikamwonyesha na njia ya ng'ombe inayoshuka mtoni kutoka ng'ambo ya pili. Hakunilipa chochote, na sikumwomba. Nilifanya yote kwa sababu nilisifiwa.

Malori yalikuja siku ya soko, mchana kweupe, manne. Akina mama wa mwethya waliacha soko wakakimbia mtoni, dada yangu akiwa mbele licha ya magoti yake mabaya. Niliwafuata. Msimamizi wa vibarua alikuwa akipunga karatasi ambayo hakumruhusu mtu aisome. Yule mgeni alishuka kwenye gari lake na kuniona. Uso ukamng'aa.

"Mzee wa picha! Afadhali umekuja. Hebu waambie hawa mama. Si ni wewe ulituleta hapa?"

Dada aligeuka. "Ni kweli?"

"Nilidhani anapenda picha."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

"Ni kweli," nikasema.

Hakunitukana. Watu wote pale walingoja anitukane, na mimi nilingoja kuliko wote. Aliketi chini mbele ya lori la kwanza, wenzake wakaketi kando yake, na siku ile malori yalirudi matupu. Kwa siku chache tuliamini yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamehamia ng'ambo, yakishuka kwa njia ya ng'ombe, kwenye kona ambayo kutoka kwetu haionekani. Nilipoisikia injini ya kwanza sikuwa na haja ya kuuliza wamejuaje njia. Kufikia siku walipozuiwa, mchanga ulikuwa umebaki katika vitabu vya mahesabu vya wanaojenga huko mjini tu. Mtoni palibaki mwamba na tope.

Mvua iliyofuata iliteremka juu ya mwamba, ikaruka ukuta, ikaenda zake. Wiki tatu baadaye kithima kilikuwa kikavu. Maji ya karibu sasa ni mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na magoti ya dada hayakuuweza. Aliwagawa mbuzi wake, akafunga nyumba, na binti yake akaja kumchukua kwenda kuishi naye Kasikeu.

Nimeenda huko mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa chai na kuambiwa mama yuko kanisani, ingawa ilikuwa Jumanne. Mara ya pili binti alikuja hadi langoni, akanishika mkono kwa heshima yote. "Mjomba, mama amesema amelala." Ilikuwa saa nne asubuhi, na nyuma yake nilimsikia dada akiwafukuza kuku.

Tulizaliwa saba, tumebaki wawili. Kwa sababu nilimwonyesha mtu yule mto, majirani zangu walipoteza maji yao, na dada yangu hajasema nami neno hata moja tangu siku ile ya malori.