Bi Kiberiti wa Bandari ya Wete

Nimeandika "marehemu Raya", nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Jamani, juzi tu alikuwa ananicheka ofisini! Presha imempanda ghafla, na jana amezikwa kwao Konde.

Kwa msiomjua: Raya alikuwa mkaguzi wa mbegu na mimea bandarini Wete, na mimi ndiye niliyekaa naye meza moja. Wachukuzi walimwita Bi Kiberiti, maana mbegu ikiingia bila kibali, anaichoma. Aliliitikia hilo jina kwa kicheko cha kusikika mpaka sokoni.

Siku moja kicheko kilikatika. Uliingia mzigo wa vipando vya muhogo wa Bi Mize wa Wingwi. Muhogo wake ulikuwa unaoza ardhini, mwanawe aliyeko bara akampatia vipando vya GMO, vile vilivyobadilishwa vinasaba, kutoka shamba la majaribio. Permit hakuna.

"Sijasema ni sumu, Bi Mize," Raya alimwambia. "Sheria yataka vipimwe kwanza. Haya, jirani akikuomba kipando utamnyima?"

"Nimnyime? Mbegu ya muhogo mtu hanyimwi!"

"Basi msimu mmoja tu vishaenea Wingwi nzima. Vikiwa na kasoro, n'tavikusanya vipi miye?"

Akavichoma.

"Umenchomea kyakula kyangu," Bi Mize alisema mbele ya watu wote. "Sina radhi na weye!"

Raya alirudi ofisini akalia. Boss akamwambia amefuata utaratibu. Akajibu, "Utaratibu haupikwi."

Ijumaa ile alikwenda shambani kwa mama yake, akakata vipando vizima vya muhogo wa kawaida, akapanda navyo gari la abiria mpaka Wingwi. Bi Mize alivipokea, akaitikia salamu, akafunga mlango.

Tangu hapo, kila tukienda field upande ule, aliniuliza, "Hivi Bi Mize kaniridhia?" Nilikuwa namtania kwamba anamwogopa bibi wa watu kuliko mkurugenzi. Hakuwa anacheka.

Leo tumekaa msibani kwa mama yake Konde, Bi Mize ameingia na kapu la muhogo. Hakuwa na habari. Alikuwa anamletea Raya mavuno ya kwanza ya vile vipando. Ameona turubai, ameona viatu vimejaa mlangoni, akauliza msiba ni wa nani.

Mama yake Raya akamshika mkono, akamwambia.

"N'mekuja kumwambia nimemridhia," Bi Mize alisema, akakaa chini, kapu bado kalikumbatia. Ukumbi mzima tulilia upya.

Tumeupika ule muhogo kwa nazi, wakala waliokuja kusoma khitma. Nimeumia, jamani, nimeumia sana.

Shoga yangu, lile swali lako limejibiwa, na wewe hupo kulisikia. Kakuridhia, Raya. Kasema mbele ya watu wote, kama siku ile.

Lala, Bi Kiberiti wangu. Lala bila wasiwasi.