Safari ya Bata Bila Barieri

Maktaba yetu ilikuja ndani ya kontena. Hakuna aliyeiomba, sisi tuliomba vyoo. Kampuni moja ya migodi, mojawapo ya zile ambazo malori yao yanatutilia vumbi mpaka kwenye sahani, ilijenga chumba kando ya darasa la nne, ikakipaka rangi ya samawati, ikaleta rafu, vitabu na roboti za kufundishia watoto programu. Shule ya msingi ya hapa Manika, mjini Kolwezi, ambapo mvua ikinyesha tunabanana madarasa mawili chini ya bati moja lisilovuja, sasa ina roboti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa maktaba hiyo, na si kwa sifa yoyote. Siku direkta, mkuu wetu wa shule, alipouliza nani anajua mambo ya kompyuta, walimu wenzangu wote walitazama viatu vyao, nami nikainua mkono kufukuza nzi. "Mama, ni weye njo utaichunga," akasema. Nilipewa kazi, ufunguo sikupewa. Ufunguo ulikaa shingoni mwa direkta, kwenye kamba moja na msalaba wake, na sijui jioni alikuwa akishika kipi wakati wa kusali.

Vitabu vyenyewe, Mungu awarehemu waliovichagua! Kimoja kilifundisha kuteleza kwenye theluji. Kingine kilieleza namna ya kutunza farasi wakati wa baridi kali. Farasi, Kolwezi! Katika rundo zima kimoja tu kiliwashika watoto: hadithi ya bata aliyeoka keki akataka kumpelekea rafiki yake upande wa pili wa mji. Nakala moja tu. Nilikuwa nikiwasomea Kifaransa chake, kisha nawaeleza kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, na darasa la nne zima likakaa sakafuni bila kukohoa. Utulivu wa namna hiyo nilikuwa nimeuona siku ya chanjo tu.

Palikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akitambaa taratibu mpaka magoti yake yagusane na yangu. Baba yake ni dereva wa lori la shaba, anakwenda mpaka mpakani Kasumbalesa. Mama yake anauza maandazi pale pikipiki za taxi-moto zinaposubiri abiria. Yeye ndiye aliyekuwa akigeuza kurasa. Tulifika pale bata anapofunga mlango wa nyumba yake, keki kichwani, mji mzima mbele yake, ndipo direkta akaingia na habari kubwa: kuna wageni. Wakubwa wa kampuni pamoja na mjumbe wa jimbo wanakuja kuona roboti. Kusoma kusimame, mazoezi ya roboti yaanze.

"Tumalize kitabu kwanza," nilimwambia.

"Kitabu haitembei, mama. Bageni banakuja kuangalia kitu ya kutembea."

Halafu akaniwekea sharti. Wageni wakifurahi, nitapewa ufunguo, na watoto watasoma kila siku wakitaka. Wasipofurahi, mlango unafungwa, tusije tukaharibu vitu vya watu. Kuanzia siku hiyo yule msichana hakunipita uani bila kuniuliza: "Madamu, bata alifika?" Nami namjibu kwamba hilo litategemea wageni. Mtoto ananitazama kana kwamba nimelewa. Wageni na bata wapi na wapi?

Basi, nikafanya ujanja. Roboti yenyewe haizidi bakuli la uji, ina vitufe mgongoni: mbele, kushoto, kulia, kusimama. Unabonyeza hatua zako zote kwanza, kisha unaiachia, inatembea juu ya mkeka wenye miraba. Nikaibandika mdomo wa karatasi ikawa bata. Upande mmoja wa mkeka nikachora nyumba yake, upande wa pili nyumba ya rafiki, katikati barabara iliyonyooka. Kazi kwenu, watoto, mfikisheni bata.

Bata akaondoka, akasimama. Akaenda kidogo, akasimama tena. Nikadhani betri.

"Mbona anasimama?"

"Barieri, Madamu," msichana akasema.

Barieri, kwa asiyepajua kwetu, ni bomba la chuma au kamba tu iliyokatisha barabara, na watu wawili watatu wa serikali kivulini wenye njaa ya kudumu. Msichana akanionyesha kwa kidole: hapa unatoka mjini, hapa ni ya malori ya mgodi wa Mashamba, na hapa, eh, hapa haijulikani ni ya nani lakini ipo.

"Pale banaangaliaka mizigo. Na bata eko na keki."

"Na pale?"

"Pale banaomba."

"Wanaomba nini?"

Darasa zima likanionea huruma. "Keki, Madamu!"

Ndipo ubishi ukaanza. Akikatwa kipande hapa na kipande pale, rafiki atakuta nini? Mmoja akasema bata aseme yeye ni mpwa wa kanali. Mwingine akasema aoke keki mbili, moja ya barabarani. Wakachora, wakagawanya, wakatoa, na mimi niliyehangaika miaka na hesabu za sehemu ubaoni nikaona zinaeleweka asubuhi moja tu. Mkono mtupu haulambwi, hilo kila mtoto wa dereva amelinyonya pamoja na maziwa. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona mwalimu.

Direkta akachungulia dirishani, akaelewa, akapauka.

"Barieri? Mbele ya mujumbe? Mama, unatafuta banifukuze kazi? Toa ile bitu yote! Bata asisimame hata fasi moja!"

Nikawageukia watoto nikawaambia: bata asisimame.

"Popote?" msichana akauliza.

"Popote."

Akaitikia upesi mno. Ningejua tu.

Siku ya wageni watoto walivishwa fulana zenye alama ya kampuni, zikawafika magotini. Viti vipya vilibaki na plastiki yake ili wageni waone kwamba tunatunza, na kila mkubwa alipokaa plastiki ilitoa sauti ya aibu. Hotuba zikaja, moja nyuma ya nyingine. Mama mmoja wa kampuni, kwa kupitia mkalimani, akatuambia kwamba ndani ya betri za roboti hizi kuna madini ya ardhi yetu. Tulipiga makofi kama mtu anayekaribishwa shingo ya kuku wake mwenyewe.

Kisha msichana akapiga magoti mbele ya mkeka, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaendelea kubonyeza mpaka mjumbe akatazama saa. Alipoiachia, roboti haikushika barabara. Ilikata kushoto palepale mlangoni kwa bata, ikafuata ukingo wa mkeka nyuma ya miti niliyoichora, ikatoka kabisa sakafuni, ikapita chini ya kiti cha mjumbe, naye akainua miguu yake yote miwili, ikatokea upande wa pili, ikazunguka, ikaingia nyumbani kwa rafiki. Haikusimama popote.

Makofi yakalipuka! Mimi mwenyewe nilipiga. Yule mama wa kampuni akainama akauliza: kwa nini bata hakupita barabarani?

Direkta akamtabasamia msichana kwa uso wa mtu anayeumwa jino.

"Balitukataza kusimama ku barieri," msichana akasema kwa sauti ya kukariri. "Sasa bata alipita ku njia ya panya."

Mkalimani akamtazama mjumbe. Kisha, mtu mwenye watoto wa kulisha, akatafsiri kwamba msichana anasema bata anapenda kutembea katika mazingira ya asili. Mama wa kampuni akashika moyo, akaomba picha. Lakini mjumbe hakuhitaji mkalimani. Alisimama, plastiki ikampigia kelele ya mwisho, akaaga. Hakugusa hata kuku aliyeandaliwa. Na kwa direkta, mjumbe kuondoka bila kugusa kuku ni msiba.

Kesho yake kulikuwa na karatasi mlangoni: maktaba imefungwa kwa ajili ya matengenezo. Matengenezo gani, chumba bado kinanuka rangi! Niliwaka. Nilimfuata ofisini nikamwambia watoto wamefanya kila alichotaka, roboti imefika, na bibi wa watu amepiga picha.

"Mama, weye unafundisha batoto politiki."

"Nilifundisha bata!"

Akaugusa ufunguo kifuani, akageukia dirisha. Nilitoka nikiubamiza mlango, na haikusaidia kitu. Wiki zikapita. Vumbi likakaa juu ya farasi na theluji, na kila asubuhi uani nilikuwa na swali langu linanisubiri: "Madamu, bata alifika?" Niliona haya kumjibu mtoto. Nikaanza kupitia lango la nyuma.

Asubuhi moja nilimkuta mlangoni pa maktaba. Ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa, mgongo wima, kama mtu aliye kwenye foleni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anamngoja direkta. Direkta akaja.

"Ni nini hii?"

"Ni ya barieri, tata."

Msichana alifunua kitambaa. Maandazi ya mama yake, ya moto bado. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, hatua moja tu, nikisubiri kuona mtu mzima akiona haya. Haya wapi! Alitazama uani kama kuna mtu, akachagua andazi kubwa kuliko yote, akaliuma, na kwa mkono wa pili akauvuta ufunguo kutoka ndani ya shati.

"Kidogo tu," akasema. Kisha, mdomo umejaa, akanigeukia: "Mama, huyu mutoto alishaelewa programu."

Msichana hakutusikiliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akafungua kitabu cha bata pale tulipoachia, akasoma mwenyewe Kifaransa kile, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Mimi nilimsaidia kidogo tu. Bata alivuka mji. Alisalimia watu, watu wakamsalimia. Akafika kwa rafiki yake, mlango ulikuwa wazi, wakakata keki.

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima."

Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaukwaruza kwa ukucha kuona kama kuna mwingine ulioganda. Hakuna.

"Hakuna mutu alimusimamisha?"

"Hakuna."

Akauangalia mlango wetu, na direkta aliyeuegemea, andazi la pili mkononi. Akafunga kitabu, akanirudishia.

"Ile kitabu inadanganya, Madamu."

Direkta alicheka mpaka akapaliwa. Alikohoa, akajipiga kifua, machozi yakamtoka, akaninyoshea mkono nimpige mgongoni. Nilikuwa karibu naye kabisa. Nilimwacha akohoe.