Vifundo vya Miguu ya Tata

Mimi kukaa sijawahi kujua. Mwaka ule wa kuolewa kwangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilizidi: nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nachochea moto unaowaka vizuri, naenda mpaka barabarani Nyaishozi bila kutumwa na kurudi mikono mitupu. Wakwe walishaleta mahari kutoka Kihanga. Siku ya kutolewa kwangu ilikuwa imepangwa. Kilichobaki ni pombe, na pombe ilitegemea miguu ya baba yangu.

Kwetu binti hatolewi kwa pombe ya kununua. Baba yake mwenyewe huingia peku kwenye mtumbwi wa mbao, akazikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Ndugu watamsaidia mitumbwi inayofuata, lakini wa kwanza ni wake. Na kukanyaga si kurukaruka. Kisigino kinashuka, vidole vinafinya, kifundo kinazunguka, ndizi zinageuzwa kwa mguu kama unga unavyokandwa kwa mkono. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alisifika kwa kazi hiyo mpaka ng'ambo ya bonde. Hata majirani zetu Walutheri walikuja kunywa ya siku ya kwanza, ikiwa bado juisi, wakisema haijawa dhambi.

Sasa Tata hakuweza kuingia hata kwenye kiatu. Miguu ilikuwa imevimba tangu masika. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Jirani mmoja alisema karogwa, mwingine akasema ni uzee. Hospitalini daktari alisema ni figo. Alisema ziko mashine za kusafisha damu, ya karibu anayoijua iko Nairobi, na mgonjwa hufungwa kwenye mashine hiyo mara tatu kwa wiki.

"Wanaifua kwa sabuni gani?" Tata akauliza.

Daktari hakucheka. Aliandika dawa ya kupunguza maji, akakataza chumvi, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa najua kusoma. "Na ndizi mbivu asile. Hata moja. Zina kitu ambacho figo zake haziwezi kukitoa, na kikijaa kinasimamisha moyo." Niliandika kiganjani kwa kalamu: ndizi mbivu asile.

Tukiwa tunatoka tulikutana na mama wa mazoezi ya viungo, mtu mzima, mfupi, aliyesomea huko huko Nairobi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama Tata anavyoburuza nyayo. Alisema amewahudumia wagonjwa wa ile mashine. Hukaa saa nne nzima miguu imenyooshwa, wiki baada ya wiki, mpaka vifundo vinakakamaa, na siku mtu akiinuka kwa haraka anaanguka, maana mguu haukunjiki tena.

"Huyu hana mashine, lakini kukaa anakaa," aliniambia. "Usipomnyoosha, vifundo vitatangulia kufa."

Maneno makali, nikampenda pale pale. Akanionyesha: shika kisigino, sukuma unyayo juu, vuta chini, zungusha kulia, zungusha kushoto, kumi kumi, asubuhi na jioni, polepole. Yote niliyashika isipokuwa hilo la polepole.

Miezi miwili Tata aliketi mlangoni kila asubuhi, mguu wake pajani mwangu. Mwanzoni kifundo kilikuwa kigumu kama mpini wa jembe. Mimi nasukuma, yeye anakunja uso.

"Wee mwana, unanyoosha au unachinja?"

"Bado tatu, Tata."

"Huyo kijana wa Kihanga namhurumia."

Nikiri sasa: nusu ya bidii ile ilikuwa kwa ajili yake, nusu kwa ajili yangu. Nilitaka nitolewe kwa pombe ya baba yangu, si ya baba mdogo, watu wasije wakasema nimetoka kama yatima. Ndizi za chakula, zile mbichi za kupika, tulimpunguzia. Mbivu nilizifunika kwa majani kwenye pembe ya stoo, na mdogo wangu alipomkatia moja nilimpokonya Tata mkononi. Akanitazama kwa uchungu. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Dawa ilishusha uvimbe. Wiki ya saba kifundo cha kulia kilizunguka chenyewe bila mkono wangu. Nilikimbia uwanjani nikipiga vigelegele, Mama akadhani nimeona nyoka.

Jumatano, siku tatu kabla ya kutolewa kwangu, tulizitoa ndizi shimoni zilikoivishwa. Nilimwosha Tata miguu kwa maji ya moto. Aliingia mtumbwini ameshika bega la baba mdogo, kisha akaliachia. Kisigino kikashuka. Vidole vikafinya. Nilizunguka ule mtumbwi sijui mara ngapi, macho yangu hayatoki kwenye vile vifundo, na vilifanya kazi. Nililia kwa furaha mbele za watu bila aibu.

Sasa, mkanyagaji ndiye anayeonja. Kila maji yanapoongezwa, anapewa kibuyu cha hiyo juisi ya ndizi, anakunywa, anasema ongeza ndizi au ongeza maji. Hakuna anayeweza kumwonjea. Ladha ni yake, na sifa ni yake. Walitafuta wa kupeleka kibuyu, nikasema mimi, maana kusimama kulikuwa kunanichosha. Nilijaza, nikampa. Akanywa, akatikisa kichwa. Nikajaza tena. Angemenya ndizi moja ningemrukia. Lakini kuonja kwetu hakukuwa kula, ilikuwa kazi. Asubuhi nzima nilimnywesha mwenyewe, kwa mikono miwili na goti chini, kwa heshima.

Jioni alisema miguu imelegea. Tulicheka, nani asiyelegea baada ya mtumbwi? Nikamkanda vifundo.

Alhamisi asubuhi hata mikono ilikuwa hainyanyuki. Wanaume walimbeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata gari la kahawa. Nilikaa nyuma naye juu ya magunia, nikimwambia dereva aongeze mwendo, naye hanisikii. Tulipofika hospitalini alikuwa bado na pumzi, lakini haikudumu hata robo saa.

Mama wa mazoezi ndiye aliyenikuta ukutani nje.

"Alikula ndizi mbivu?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Naapa."

"Alikunywa nini?"

Niliitazama mikono yangu miwili, ile iliyoshika kibuyu. Alivua kitenge chake cha juu akanifunika mabegani, akarudi kazini.

Tulimzika Jumamosi. Wakwe walikuja na nguo za sherehe, wengine hawakuwa wamepata habari. Pombe nayo ilikuwa imeiva, na pombe ya ndizi haingoji. Wangeimwaga, au wangewapa waliochimba kaburi. Waliwapa. Nilisikia wachimbaji wakisema hawajawahi kunywa iliyo nzuri vile. Baba mdogo alionja, akageuka akafuta macho, kisha akaniletea kibuyu cha kwanza, kwa kuwa ilikuwa yangu.

"Kunywa, mwanangu. Alikukanyagia kwa miguu yake mwenyewe."

Watu walikuwa wakinitazama. Kukataa kungetaka maelezo. Nikanywa yote, na ilikuwa tamu.

Niliolewa miezi sita baadaye, kwa kreti za soda. Mama alifariki akiamini ni figo tu zilizomchukua mumewe, akinisifu kwa wageni kwamba hakuna mtoto aliyemhudumia baba yake kama mimi. Nilimsikia akisema hivyo miaka yote, na kila mara nilinyanyuka nikatafuta cha kufagia.