Skrubu ya Hewa ya Pikipiki ya Mjomba

Mjomba, aliyenilea pale Katubuka tangu mama afariki, alikuwa na pikipiki iliyonizidi umri, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Aliitumia kwenda Kibirizi, kando ya ziwa, kununua dagaa wa kuuza. Kila baada ya wiki kadhaa aliiwasha, akaiacha ipate moto, kisha akachuchumaa na bisibisi kuzungusha skrubu ndogo ya hewa ubavuni mwa kabureta, kidogo ndani, kidogo nje, huku akisikiliza.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi, na cheti changu kilikuwa kimetundikwa sebuleni. Siku moja majirani wawili walisimama uani kumwangalia. Nikaona aibu kwamba mimi, fundi wa nyumba ile, nimekaa tu.

"Mjomba, inakunywa mafuta mno. Moshi wote huu wa nini? Lete hapa." Nikaichukua bisibisi mkononi mwake.

"Hii ni kuukuu, mama. Ukiipa hewa nyingi itaungua," Mjomba alinijibu.

"Hayo mambo ya zamani," nilisema. Majirani wakacheka.

Nikaifungua skrubu karibu mzunguko mzima. Moshi ukapungua, mlio ukawa mwepesi, nikajiona bingwa. Mjomba alijifuta mikono. "Haya. Fundi ni wewe."

Kesho yake, kwenye mteremko wa kwenda Kibirizi, alipoachia mkono wa mafuta, injini ilikwama ghafla na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, akaanguka. Wachuuzi wa dagaa walimrudisha nyumbani akiwa amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto.

"Petroli ilikuwa na maji," aliniambia kabla sijauliza. "Hawa wanaouza kwa chupa hawa!"

Juma lile nilifungua injini. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa na pistoni imechubuka upande mmoja. Maji hayafanyi hivyo. Hewa niliyoongeza ndiyo iliyoiunguza. Hata hivyo nilimwaga petroli yote na kusafisha tangi mbele yake, kama mtu aliyeamini. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono umefungwa plasta.

"Umeyaona hayo maji?" aliuliza.

"Nimeyaona, Mjomba."

Akaniuliza kama nimekula.

Mkono uliunga vibaya. Hakuweza tena kukaza klachi, akaacha biashara ya dagaa na kukaa kwenye duka dogo la rafiki yake Ujiji, akipima sukari na mchele. Nilimpitia pale karibu kila Jumamosi, kwa miaka. Mara nyingi tulikuwa wawili tu. Tuliongea habari za mvua, za ndugu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, za wateja wangu wa karakana. Mara moja nilianza, "Mjomba, ile pikipiki..." akaingia mtu kununua sabuni, nikashukuru moyoni.

Alifariki masika yaliyopita. Msibani, mama mmoja wa Kibirizi alinishika mkono. "Wewe ndiye yule fundi? Alikusifu sana kwetu. Alisema pikipiki yake haiguswi na mtu mwingine ila wewe."

Nikamwambia asante, nikaenda kusaidia kuosha vyombo.